Mwana Anapowapa Wazee Majina: Kiswahili katika Jazi ya Ukoo wa Heath

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayepekua santuri za jazi zilizotolewa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 hukutana na jambo la kumshangaza. Juu ya majalada yake anayaona maneno ya lugha yake mwenyewe: Kawaida, Baraka, Dunia, Mwandishi. Tena anawaona wanamuziki waliojiita Kuumba, Tayari, Mtume, Mchezaji, Mganga na Jabali. Watu hao walizaliwa Philadelphia, Chicago, New York na katika miji mingine ya nchi hiyo, wala hakuna hata mmoja wao aliyekipata Kiswahili kwa mama yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyofika huko. Yatafuata njia moja tu, ile ya ukoo wa Heath wa Philadelphia. Tumeuchagua ukoo huu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu watatu, Percy, Jimmy na Albert Heath, walirekodi muziki pamoja kwa muda wa miaka mingi, kisha kijana wao akaingia kati yao. Pili, ndani ya ukoo huo urithi haukushuka tu kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana. Wazee walimpa kijana muziki. Kijana naye akawapa wazee lugha, na lugha hiyo ni yetu.

Yafaa tuondoe kwanza utata wa neno. Kwetu Kongo neno «jazz» lilizoeleka kuwa jina la okestra kuliko kuwa jina la aina ya muziki: Joseph Kabasele aliita okestra yake African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikaanzishwa mwaka 1956, ijapokuwa zote mbili zilipiga hasa rumba. Hapa tunatumia neno jazi kwa maana ya muziki ule wa Wamarekani Weusi ambamo wapigaji hushika wimbo mmoja wanaoujua wote, kisha kila mmoja kwa zamu yake hutunga papo hapo juu ya msingi wa wimbo huo. Tabia hii ya kutunga papo hapo juu ya msingi uliorithiwa itatusaidia tutakapofika kwenye suala la lugha.

2. Ndugu watatu na kijana wao

Percy Heath alizaliwa mwaka 1923 huko Wilmington, katika jimbo la North Carolina. Baadaye wazazi wake walihamia Philadelphia, na huko ndiko walikozaliwa Jimmy mwaka 1926 na Albert mwaka 1935. Baba yao alikuwa fundi wa magari aliyepiga klarineti mwisho wa juma, na mama yao aliimba katika kwaya ya kanisa. Muziki ulikuwa kitu cha nyumbani kabla haujawa kazi ya kuwapatia mkate.

Kila mmoja alishika chombo chake. Percy alifuzu urubani wa ndege za kivita huko Tuskegee, mahali pa kuwafundishia marubani Weusi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, alinunua besi kubwa ya kupigwa kwa kusimama, akajifunza, na tangu mwaka 1952 akawa mpiga besi wa Modern Jazz Quartet, kundi lililomfanya ajulikane duniani. Jimmy alipiga saksafoni na kutunga. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi aliongoza okestra yake mwenyewe Philadelphia, na miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo John Coltrane, ambaye wakati huo hakuwa na sifa yoyote. Albert, aliyezoeleka kwa jina la Tootie, alipiga ngoma. Kati yake na Percy kulikuwa na miaka 12, hivyo alikua akiwasikiliza kaka zake na wageni wao nyumbani. Mwaka 1957, Coltrane aliporekodi santuri yake ya kwanza akiwa kiongozi wa kundi, Albert ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake. Kwa namna hiyo yale yaliyopandwa katika okestra ya kaka yalimrudia mdogo mtu.

Njia haikuwa nyofu. Jimmy alinaswa na dawa za kulevya, akafungwa tangu mwaka 1955 hadi 1959. Hata hivyo hakuacha kutunga: nyimbo alizoziandika kifungoni zilirekodiwa na Chet Baker na Art Pepper mwaka 1956, mtunzi mwenyewe akiwa bado gerezani. Alipotoka, ndugu zake walisimama naye. Albert alipiga ngoma katika santuri yake ya kwanza, na ndugu wote watatu wanasikika pamoja katika Really Big! ya mwaka 1960, kisha katika The Quota na Triple Threat zilizofuata. Kwa mtu aliyepoteza miaka minne ya ujana wake, kurekodi pamoja na ndugu zake kulikuwa njia ya kurudishwa katika kazi na katika jamii.

Kijana wa makala haya alizaliwa Philadelphia tarehe 3 Januari 1946, naye aliitwa James Forman. Jimmy Heath ndiye baba yake mzazi. Baba yake mlezi, ambaye alimpa jina lake, alikuwa mpiga piano James Forman, aliyejulikana pia kwa jina la Hen Gates. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kifaransa, kwa maana kinatofautisha bila shida baba mzazi na baba mlezi, tena kinamwita Percy baba mkubwa na Albert baba mdogo. Wenzetu wa Marekani husema tu kwamba Albert alikuwa mjomba wa kijana huyo. Kwa hesabu yetu kijana huyo alikuwa na akina baba wanne, na wote wanne walikuwa wanamuziki.

3. Santuri ya Kawaida

Mwaka 1966 kijana huyo alikwenda California kusoma. Huko alijiunga na chama cha US, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1965 na Maulana Karenga. Chama hicho kilifundisha kwamba Wamarekani Weusi hawatapata uhuru wa kweli pasipo kurudisha utamaduni wao, na lugha waliyoichagua kwa kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1966 Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake limetokana na maneno «matunda ya kwanza», na herufi moja iliongezwa mwishoni ili zitimie saba. Sikukuu hiyo ina Nguzo Saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Falsafa nzima iliitwa Kawaida. Kijana alipewa jina la Mtume, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa wahariri wawili wa kitabu cha misemo ya Karenga.

Mtume aliporudi mashariki ya Marekani, alikuja na ngoma za konga na msamiati mpya. Tarehe 11 Desemba 1969 Albert Heath alirekodi New York santuri iliyoitwa Kawaida. Nyimbo zake zina majina ya Kiswahili: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia na Kamili, na sehemu kubwa yake ilitungwa na Mtume. Waliopiga ni Albert mwenyewe kwenye ngoma, Jimmy kwenye saksafoni, Mtume kwenye konga, pamoja na Herbie Hancock kwenye piano, Don Cherry kwenye tarumbeta, Buster Williams kwenye besi, na wengineo. Percy hakuwamo.

Tuzitazame umri zao. Jimmy alikuwa na miaka 43, Albert 34, Mtume 23. Wakubwa walikuwa wameshapiga na mabingwa wa wakati wao. Jimmy alikuwa amerekodi na Miles Davis tangu mwaka 1953. Lakini siku hiyo wazee hao walikubali kupiga nyimbo za kijana, chini ya majina yaliyotoka kwa kijana, katika lugha ambayo kijana ndiye aliyeileta nyumbani. Tena baba mdogo ndiye aliyeweka jina lake juu ya jalada na kubeba dhamana ya kazi hiyo mbele ya wasikilizaji.

4. Majina na maana zake

Kwa desturi za makabila yetu mengi, mkubwa ndiye ampaye mdogo jina. Babu humwita mjukuu, shangazi humwita mtoto wa kaka yake, na jina hubeba habari za waliotangulia. Katika kundi la Kawaida mambo yalikwenda kinyume. Herbie Hancock ameeleza kwamba jina lake la Mwandishi alipewa na Mtume. Albert akawa Kuumba, Jimmy akawa Tayari, Buster Williams akawa Mchezaji. Hancock alipounda kundi jipya na kutoa santuri yake ya Mwandishi mwaka 1971, wenzake nao walikuwa na majina ya aina hiyo: mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga. Jina hilo la mwisho lilimstahili kabisa, kwa kuwa Henderson alisomea udaktari na kuufanya. Sisi ambao kila siku tunamwita daktari munganga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Majina haya yanastahili kuchunguzwa mmoja mmoja, maana yanaonyesha jinsi lugha inavyofanya kazi mikononi mwa watu walioichagua.

Tuanze na Mtume. Neno hili latokana na kitenzi kutuma, kwa kiambishi m- na irabu -e ya mwisho, kama mshinde kutoka kushinda na mteule kutoka kuteua. Maana yake ni yeye aliyetumwa. Kwa Mwislamu wa pwani, Mtume ni Mtume Muhammad. Kwa Mkristo wa Katanga, mitume ni wale kumi na wawili. Kijana wa Philadelphia kujiita hivyo kungeshangaza pande zote mbili. Lakini kitenzi hicho hicho cha kutuma, kinapopewa kiambishi cha kutendwa, hutoa neno mtumwa. Mtume na mtumwa ni ndugu wa shina moja: wote wawili wametumwa. Tofauti ni kwamba mmoja ametumwa apeleke ujumbe, na mwingine anatumwa tu. Mjukuu wa watumwa anayejiita Mtume amehama kutoka tawi moja la kitenzi kwenda tawi la pili.

Kuumba, jina la Albert, ni nguzo ya sita ya Kwanzaa. Katika Kiswahili cha dini, kuumba ni kazi ya Mungu, naye ndiye Muumba. Lakini shina lake ni la Kibantu la kale, nalo linajulikana vizuri kwetu: katika Kibemba na Kiluba, kubumba ni kufinyanga udongo. Mpiga ngoma anayeitwa Kuumba anaweza kueleweka kama mfinyanzi kuliko kama mungu, yaani mtu anayekipa kitu umbo kwa mikono yake.

Mchezaji ni jina la Buster Williams, mpiga besi. Hapa twaona alama ya Kiingereza. Katika Kiswahili cha kawaida, chombo cha muziki hupigwa: tunapiga gitaa, tunapiga kinanda, tunapiga ngoma, hata filimbi tunaipiga kwa pumzi. Kinachochezwa ni mpira, karata au dansi. Katika Kiingereza kitenzi kimoja chatumika kwa mpira na kwa besi, ndipo mpigaji akawa Mchezaji. Mhakiki mkali atasema kwamba ni kosa. Sisi twasema kwamba ni ushahidi: unaonyesha kwamba neno lilichukuliwa kutoka katika kamusi na watu waliokuwa wakifikiri kwa lugha nyingine, na kwamba hata hivyo walilipenda kiasi cha kulivaa kama jina.

Tayari, jina la Jimmy, halina umbo la jina la mtu katika Kiswahili. Ni neno la kueleza hali. Lakini kwa mtu aliyetoka gerezani miaka kumi kabla, akaanza upya, jina la Tayari lina uzito wake.

Mwisho ni Kawaida yenyewe. Mtu wa Lubumbashi anayesikia neno hili hufikiri juu ya mambo yaliyozoeleka, yasiyo na jipya, kama tunavyosema «kama kawaida». Karenga alilitumia kwa maana ya mila iliyopimwa kwa akili. Wengi wamesema kwamba maana hiyo ilibuniwa. Lakini asili ya neno iko katika Kiarabu, ambamo lina maana ya misingi na kanuni, na kamusi za zamani za Kiswahili zinaliweka karibu na desturi na kanuni. Hivyo wanachama wa US hawakuwa mbali na asili kama inavyodhaniwa. Na kwa mpiga jazi neno lilifaa: kazi yake yote ni kushika msingi kisha kutunga juu yake.

5. Mzee na kijana wanapobadilishana nafasi

Ushirikiano haukuishia hapo. Mwaka 1972 Jimmy alirekodi santuri ya The Gap Sealer, yaani mwenye kuziba pengo. Albert alipiga ngoma, na Mtume akapiga konga. Wakati ule watu wengi walilalamika kwamba kati ya wazazi na watoto kumekuwa na pengo. Mwaka 1975 ndugu watatu waliunda rasmi kundi la The Heath Brothers, na Mtume alishiriki katika baadhi ya santuri walizotoa kwa kampuni ya Columbia kati ya miaka ya 1978 na 1981. Yeye mwenyewe alipiga na Miles Davis tangu 1971 hadi 1975, na katika santuri ya Get Up with It ya mwaka 1974 Davis aliuita wimbo mmoja Mtume. Kwa hiyo mtu aliyewapa wengine majina, jina lake nalo likapewa wimbo.

Baadaye Mtume aliacha jazi kwa sehemu kubwa, akageukia muziki wa dansi, na wimbo wake wa Juicy Fruit ukapata sifa kubwa mwaka 1983. Kisha zamu ya uzee ikamfikia. Vijana wa rapu walikuwa wameanza kukata vipande vya santuri za zamani na kuimba juu yake. Mtume aliwalaumu hadharani katika redio, akiona kwamba wanaitumia kazi ya wengine bila kujifunza kupiga. Mwaka 1988 kundi la Stetsasonic lilimjibu kwa wimbo wa Talkin' All That Jazz. Yeye aliyewaletea wazee wake lugha mpya sasa alisimama mahali pa wazee, na vijana walimwambia kwamba mapya yao nayo yana haki ya kusikilizwa.

Mwaka 1994 mambo yakakutana. The Notorious B.I.G. alitoa wimbo wa Juicy, uliojengwa juu ya Juicy Fruit ya Mtume. Mwaka huo huo Nas alitoa One Love, uliojengwa juu ya kipande cha Smilin' Billy Suite, utungo wa Jimmy Heath uliomo katika Marchin' On!, santuri ya kwanza ya The Heath Brothers. Katika kipande hicho Stanley Cowell anapiga chombo cha jamii ya likembe, au kisanji kama wengi wanavyosema kwetu, na Percy anamfuata kwa besi. Hivyo katika mwaka mmoja muziki wa baba na muziki wa mwana uliwafikia vijana wa kizazi cha tatu, wengi wao wakiwa hawajui kwamba wenye nyimbo hizo mbili ni mtu na mwanawe. Sauti ya likembe ilikuwa imevuka bahari, ikapita katika santuri ya ndugu watatu, ikafika redioni bila kutajwa jina.

6. Hitimisho

Wako waliokikosoa Kiswahili cha Kawaida kwa hoja ya historia. Wanasema kwamba Waafrika wengi waliopelekwa Amerika walitoka magharibi na kati ya Afrika, tangu Senegambia hadi Kongo na Angola. Hawakusema Kiswahili, wala lugha hii si urithi wa wajukuu wao. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa nyaraka. Karenga na wenzake walijibu kwamba waliichagua kwa sababu si mali ya kabila moja. Nguzo ya pili yenyewe yalisema jambo hilo katika umbo lake: ku-ji-chagul-i-a, ambamo -ji- yaonyesha kwamba mtendaji na mtendewa ni mmoja, na -i- kwamba tendo ni kwa ajili yake. Ni kuchagua, tena ni kuchagua kwa ajili ya nafsi yako.

Msomaji wa Katanga hana haki ya kucheka. Bibi zetu wengi walisema Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kilunda au Kitetela. Kiswahili kiliingia nchini mwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, kikasikika Bunkeya kwa Msiri, kisha katika karne ya 20 kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Hatukukirithi wote kwa damu. Watoto waliozaliwa kambini mara nyingi ndio waliokizoea kwanza, wakakifanya lugha ya michezo yao, na wazazi wakajifunza kutoka kwao. Kwa hiyo mwana kuwapa wazee wake maneno ni jambo tunalolijua vizuri nyumbani kwetu. Tena wanafunzi wetu husikia mara kwa mara kwamba Kiswahili chao si safi, kwamba wenye lugha wako mbali, pwani. Habari za ukoo wa Heath zinatusaidia kulijibu neno hilo: lugha ni ya wale wanaoitumia kuitana majina na kufanya kazi pamoja.

Percy Heath alifariki mwaka 2005, Jimmy mwaka 2020, Mtume mwaka 2022, na Albert, wa mwisho, mwaka 2024. Santuri zao zimebaki. Tungependa kuona wanafunzi wa idara za Kiswahili wakikusanya maneno ya lugha yetu yaliyomo katika majina ya nyimbo na ya wanamuziki wa Marekani wa miaka ile, wakiyapanga kwa maana, kwa umbo na kwa tofauti zake na matumizi yetu ya hapa, pamoja na yale yanayoonekana kuwa makosa. Orodha hiyo bado haijatengenezwa kwetu, na kazi yake yaweza kuanza na majina yaliyotajwa katika kurasa hizi.